Sisi Hatupokei Sauti Hapa

Nikimkuta fundi amevaa ule mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, mkono wenyewe siuangalii. Naufuata waya taratibu mpaka mwisho, nione umebanwa wapi. Wenzangu hunicheka, na wanaojua kisa changu hucheka zaidi.

Ilikuwa enzi zile za kupiga simu ndipo uingie kwenye intaneti. Kompyuta ya mteja inapiga namba, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha inanyamaza na wewe umo ndani. Upande wa pili wa kelele hizo tulikuwa sisi, na seva yetu moja ya kupokea simu, Cisco AS5300. Ilikuwa na nafasi tatu: moja ya kadi ya laini za simu, mbili za kadi za modemu, vile vifaa vinavyogeuza mluzi wa simu kuwa data. Tulikuwa na kadi moja tu ya modemu. Ilibeba moduli 10, kila moduli modemu 6, yaani modemu 60. Na laini za E1 zilikuwa mbili, kila moja ikibeba simu 30 kwa mpigo. Sitini kwa sitini, hesabu imekaa. Ila wateja hawakukaa. Ilifika mahali kila jioni wanapiga wanakuta laini zimejaa, na sisi jibu letu lilikuwa moja: jaribu tena baadaye.

Bosi akaagiza kadi ya pili na laini mbili zaidi. Kazi ya kuipachika nikapewa mimi, ianze saa sita usiku wakati wateja wengi wamelala. Nikapewa na msaidizi, binti mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo. Mpole, maneno machache, na popote alipokwenda alikuwa na kitabu cha maelekezo kwapani.

"Kaka, tuanze na ukurasa wa usalama?"

"Kitabu ni cha wasioijua kazi," nikamwambia. Naomba msinihukumu bado, mbele kuna mabaya zaidi.

Nilizima umeme, maana seva ile haikubali kupachikwa kadi ya modemu huku inafanya kazi. Hilo nililijua bila kitabu. Binti akanipa mkanda wa mkononi. Nikauvaa, nikatafuta chuma cha kubana ule upande wa pili. Chuma cha karibu kilikuwa mguu wa kiti nilichokalia. Chuma si chuma tu? Nikabana. Nikafungua skurubu za bamba lililoziba nafasi ya pili, nikaitoa kadi kwenye mfuko wake, nikaigeuzageuza kuisifu, nikaitelezesha kwenye reli zake mpaka nikasikia imekaa. Nikakaza skurubu. Mikono ya dhahabu.

Simu ya mezani ikalia kule kona ya chumba. Nikainuka haraka kwenda kuipokea, na kiti nacho kikainuka, kwa maana ya kwamba kilinifuata. Kilikuwa cha vigurudumu. Hatua ya tatu kikanigonga kisigino, nikayumba, kikanipita, kikanivuta mkono, tukaingia wote wawili kwenye meza. Kitabu cha maelekezo kikaanguka chini. Nikapokea simu nikiwa nimepiga magoti. Alikuwa mtu amekosea namba.

Binti alikuwa amesimama palepale. "Kaka," akasema polepole, "huo waya si ulitakiwa ubanwe kwenye mwili wa seva?"

Nikatazama chini. Vigurudumu vya plastiki, sakafu ya plastiki. Muda wote ule nilikuwa nimejifunga na kiti kama ng'ombe na kigingi, umeme wa mwilini hauna pa kutokea, kinga sina. Na umeme tuli ni adui mnafiki. Binadamu haisikii cheche yake mpaka ifike kama volti 3,000, lakini vipande vya ndani ya kadi vinaweza kufa kwa kiwango cha chini sana ya hapo. Unaua bila kuhisi kitu, na maiti haina alama.

"Hakuna neno," nikasema. Moyoni neno lilikuwepo, tena kubwa.

Nikawasha. Taa ya kijani. Seva ikaanza kujitambulisha kwenye skrini, na pale kwenye orodha ya vifaa ikaandika modemu 120. Nikapumua. Kilichobaki ni usanidi, yaani kuiandikia seva maagizo yake, na huko ndiko nilikojiona mfalme.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Lile kundi la laini linaloanzia 1 hadi 60 ulivute lifike 120. Modemu mpya uziruhusu kupokea simu kama wenzao. Ongeza anwani za kuwagawia wateja wapya, washa zile laini mbili za E1. Robo saa, nimemaliza. Kama ningeinuka hapo nikaenda zangu nyumbani, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Ila faili lile la usanidi lilikuwa limeandikwa na aliyenitangulia, na lilikuwa refu, limejaa mistari ambayo sikuona kazi yake. Mimi nina ugonjwa wa usafi kwa vitu vya watu wengine. Nikaanza kufagia. Maelezo ya zamani, nje. Orodha isiyotumika, nje. Nikafika kwenye laini za simu, nikakuta kila moja imeandikwa `isdn incoming-voice modem`. Nikacheka kwa sauti.

"Ona huyu! Eti sauti. Sisi hatupokei sauti hapa, sisi ni intaneti."

Nikafuta mstari huo kila ulipokuwa.

"Kaka, tusihifadhi kwanza nakala ya ile ya zamani?"

"Ya zamani ni uchafu. Hata zile karatasi ulizoichapia, tupa." Nikahifadhi usanidi wangu mpya juu ya ule wa zamani, nikajinyoosha, nikamwambia apige simu ya majaribio kutoka kwenye kompyuta ya pembeni.

Akapiga. Hakuna paka, hakuna mkia. Kimya kifupi, kisha kwenye skrini: `NO CARRIER`, yaani hakuna modemu iliyoitika upande wa pili. Akapiga tena. Vilevile. Nikamsogeza pembeni, nikapiga mwenyewe, kana kwamba simu inajua kidole cha mkubwa. Mara kumi. Vilevile.

Basi nikajua nimeua kadi. Kile kiti! Nikazima seva, nikaichomoa kadi mpya, safari hii mkanda nimeubana kwenye mwili wa seva mpaka ukakaribia kukata chuma. Nikawasha na ile kadi ya zamani peke yake, iliyofanya kazi jioni ile ile. Tukapiga. `NO CARRIER`.

Hapo jasho likanitoka. Kadi mbili! Kwa akili yangu ya saa nane usiku, umeme ulitoka kwangu, ukaingia kadi ya kwanza, ukapita ukuta, ukamalizia ya pili. Nikaanza kupiga hesabu ya mshahara wangu ugawanywe kwa modemu 120, nikaona nitakuwa babu bado nalipa. Nikazibadilisha nafasi, ya kwanza kwa ya pili. Nikazirudisha. Niliwahi kusikia kadi iliyoungua hunuka, kwa hiyo nikaitoa moja nikainusa, upande wa mbele, upande wa nyuma, kila moduli. Ilinuka kadi. Nikampa binti naye anuse. Akanusa kwa heshima tu, nadhani.

Nikaipigia kampuni ya simu, nikampata fundi wao wa zamu.

"Simu zenu zote zinafika kwenu," akasema. "Nyinyi ndio mnazikataa."

"Sisi hatujakataa simu ya mtu."

"Basi chombo chenu kinakataa."

"Chombo changu kimekufa, kinakataaje?"

Akanyamaza kidogo. "Ndugu yangu," akasema, "maiti haikatai kitu. Hiki cha kwenu kinajibu." Akakata simu.

Ningelala na maneno hayo ningeyaelewa. Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia, bosi. Nikaitika kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu.

"Kijana, hongera! Nimeingia mara moja tu, na kasi yake sijawahi kuiona. Kazi nzuri sana."

Nikabaki na mkono wa simu hewani. Modemu 120 zimekufa, na bosi ameingia. Nikamweleza binti, na nikaongeza maelezo yangu ya kitaalamu, kwamba huenda bosi ana modemu ya aina nzuri sana.

"Bosi hana modemu," akasema. "Nyumbani kwake kuna ISDN, laini ya simu ya kidijitali. Simu yake inakuja ikiwa data moja kwa moja, haipiti kwenye modemu kabisa. Na hiyo kasi, kaka, yuko peke yake."

Kisha akafanya jambo ambalo ningelifanya saa saba usiku kama nisingekuwa nanusa vyuma. Akaomba seva orodha ya modemu. Kwenye orodha ile modemu mbovu huwekewa herufi B pembeni. Hapakuwa na B hata moja. Na kwenye safu za simu zilizofanikiwa na zilizoshindwa, zote zilikuwa sifuri kwa sifuri, kutoka juu hadi chini.

"Modemu iliyokufa ingeandika imeshindwa," akasema. "Hizi hazijashindwa. Hazijapigiwa."

Akafungua kitabu cha maelekezo. Ndani yake alikuwa amekunja zile karatasi nilizomwambia atupe. Hakutupa, alikuwa anazitumia kujifunzia, pembezoni amejaza maswali kwa penseli. Akaziweka kando ya skrini akashuka na kidole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye laini za simu. Pale penye `isdn incoming-voice modem` alikuwa ameandika siku nyingi kabla: "Kwa nini sauti?" Na chini yake, kwa kalamu, jibu alilolipata kitabuni.

Akanisomea kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka. Mitambo ya simu haijui modemu ni nini. Kompyuta ya mteja inapopiga mluzi kwenye waya wa kawaida, mtambo unasikia mtu anaongea. Kwa hiyo simu hiyo inapofika kwenye seva kupitia E1 imebandikwa lebo: hii ni sauti. Simu ya ISDN kama ya bosi inabandikwa: hii ni data. Ule mstari ndio unaoiambia seva kwamba ikiletewa sauti iipeleke kwa modemu. Ukiufuta, seva inaona sauti haina pa kuipeleka, inaikataa kistaarabu. Yaani wateja wote wa modemu tuliokuwa nao duniani, kwa macho ya simu, walikuwa sauti. Na mimi nilikuwa nimeiagiza seva maneno yaleyale niliyotamka: sisi hatupokei sauti hapa.

Tukarudisha mstari kwenye laini zote nne. Nikarudisha na kadi ya pili mahali pake, mkanda umebanwa panapostahili. Sikuiamini kompyuta. Nikainua mkono wa simu ya mezani, nikapiga namba yetu mwenyewe, nikaubandika sikioni. Ikaita mara moja. Kisha modemu ikanipigia ukelele wake wote ndani ya sikio. Nilisikia kengele upande ule mpaka mchana, na nikakaa nayo sekunde kadhaa zaidi ya inavyohitajika, natabasamu kama mtu anayeongea na mchumba.

Kulipokucha wateja wakagundua njia imefunguka. Watu waliokuwa wakipiga usiku kucha bila mafanikio wakapiga wote kwa pamoja. Kwenye orodha ya modemu, kila inayopokea simu huwekewa alama ya nyota, na sisi wawili tukakaa tunazitazama zikishuka: kumi, thelathini, sabini. Binti akawa anahesabu kwa sauti. Saa mbili kasorobo ikajaa ya mwisho, modemu 120, nyota 120, hakuna nafasi hata moja kwenye laini zote nne.

Simu ya mezani ikalia.

"Kijana," alikuwa bosi, na ile hongera ya alfajiri haikuwemo tena, "umefanya nini huko? Alfajiri nimeingia vizuri kabisa. Sasa hivi napiga siingii!"

Nikamtazama binti. Binti akatazama skrini, akanionyesha kwa kidole nyota zilivyojipanga, akaegemeza kichwa kwenye kitabu akifa kwa kicheko kisicho na sauti.

"Bosi," nikasema, "laini zimejaa. Naomba ujaribu tena baadaye."