Kalamu, Kaburi na Wosia wa Naunakhte

Katika karatasi ya mafunjo iliyoandikwa Misri yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo, karani mmoja anadai kwamba kitabu ni bora kuliko nyumba iliyojengwa na kuliko kaburi la magharibi, upande wa wafu, kwa kuwa mwili hugeuka vumbi na makaburi huporomoka, bali jina la mwandishi hubaki midomoni mwa wasomaji. Kisha anawataja wenye hekima wa zamani, akiwamo Ptahhotep na Imhotep.

Dai hilo lina uzito, maana mafundisho yenye jina la Ptahhotep yanasomwa hadi leo. Lakini ya Imhotep hayajapatikana. Maandishi nayo hufa, na hata yaliyosalia huweza kuwa bubu: maandishi ya mwisho ya hieroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, tunayoyajua yalichongwa katika kisiwa cha Philae mwaka 394 baada ya Kristo, na ilibidi kungojea hadi 1822 ndipo msomi Mfaransa Champollion alipofumbua siri ya kuyasoma. Lipo pia suala la haki. Waliojua kuandika walikuwa wachache mno, nao waliisifu kazi yao huku wakimbeza mfinyanzi na mkulima, ambao hawakuwa na kalamu ya kujibu.

Hata hivyo naegemea upande wa kalamu, wala si kwa ajili ya vitabu vya hekima. Ni kwa ajili ya kumbukumbu za kawaida za Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafirauni. Humo imeandikwa jinsi mafundi hao walivyogoma katika mwaka wa 29 wa utawala wa firauni Ramesses III, wakilalamika kwamba wana njaa na kiu, na hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga.

Humo pia, wakati wa Ramesses V, mama mmoja aitwaye Naunakhte, aliyekuwa mke wa karani Qenherkhepshef kabla ya kuolewa na fundi Khaemnun, alitoa wosia mbele ya baraza. Alisema amelea watoto wanane na sasa amezeeka, nao hawamtunzi. Basi aliyemshika mkono atarithi mali yake, na asiyemshika hatapewa. Mmoja wa wanawe alizidishiwa beseni la shaba la kunawia. Baadaye Khaemnun alirudi barazani pamoja na watoto, wakakiri kwamba yale aliyoyaandikisha Naunakhte yatatekelezwa kama yalivyo.