Roboti Anapojibu Kabla ya Mwenye Kujua

Aprili 2024, katika kundi la Facebook la wazazi wa New York, mzazi mmoja aliuliza kuhusu masomo ya watoto wenye vipaji ambao pia wana ulemavu. Meta AI, roboti ya kujibu maswali ya kampuni ya Meta inayomiliki Facebook, ikajitosa ikidai kwamba nayo ina mtoto wa namna hiyo, na shule anayosoma ni nzuri. Ilipobanwa ikaomba radhi na kukiri kwamba ni programu tu, haina mtoto wala maisha ya kusimulia.

Haikuwa imedukuliwa. Maelezo ya Meta wakati huo yalisema roboti huyo ataingia akitajwa, au swali likikaa saa nzima bila jibu. Nia yenyewe inaeleweka, kwani makundi mengi yamejaa maswali ambayo hakuna aliyejisumbua kuyajibu, na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekwama. Tena majibu ya mashine si mabovu siku zote. Utafiti uliotoka mwaka 2023 katika jarida la JAMA Internal Medicine ulichukua maswali 195 ya afya yaliyojibiwa na madaktari kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano, ukalinganisha majibu yao na ya ChatGPT. Wataalamu wa afya, bila kuambiwa nani kaandika lipi, walilipendelea la mashine katika karibu asilimia 79 ya tathmini, na wakaliona lina huruma zaidi. Ni kweli madaktari waliandika kwa ufupi, maneno 52 kwa wastani dhidi ya 211 ya mashine, na daktari anayejitolea hana muda wa kubembeleza. Lakini mgonjwa mwenye hofu anahitaji pia hayo maneno ya ziada.

Upande wa pili, Stack Overflow, jukwaa la waandika programu, lilipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kuzinduliwa. Yalikuja kwa maelfu, yamepangika vizuri, na mengi yalikuwa na makosa. Jibu la namna hiyo hutoka kwa sekunde chache, ila kuligundua kosa lake kunamtaka mjuzi akae alisome mstari kwa mstari, naye halipwi.

Hata hivyo, anayepinga roboti kwa sababu ya makosa peke yake anaegemea ukuta utakaobomoka, maana makosa hayo huenda yakapungua kadiri matoleo mapya yanavyotoka. Mimi kinachonisumbua ni ule ushuhuda wa uongo. Watu huuliza kwenye kundi badala ya kutafuta wenyewe kwa sababu wanataka kusikia kutoka kwa aliyepitia. Mwaka 2025 ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walikuwa wameweka kimyakimya majibu ya akili mnemba katika r/changemyview, jamii ya mijadala ya Reddit, mengine yakijifanya ya mhanga wa ubakaji. Walioyajibu walidhani wanazungumza na mtu aliyeumia.

Na ile saa moja ya kimya, nani kasema ni tatizo? Mwenye kujua huenda yuko kazini, au amelala. Akirudi akakuta jibu refu lenye heshima zote, atapita zake akidhani swali limekwisha.

Kwa hiyo naona roboti asijibu mpaka aitwe, jina lake lionyeshe wazi kuwa ni mashine, na wasimamizi wa kundi waweze kumzima. Lakini kuna mahali hata akiitwa asijibu. Novemba 2024, Meta iliingiza roboti katika kundi la Facebook la watambuzi wa uyoga. Mwanachama mmoja akamjaribu kwa kuuliza namna ya kupika Sarcosphaera coronaria, uyoga unaokusanya sumu ya aseniki. Roboti akasema unalika, na akapendekeza kuukaanga kwa siagi. Msimbo mbovu wa programu mara nyingi hugoma mbele ya macho yako ukiuendesha, ukaufuta, ukaanza upya. Uyoga ukishamezwa, hakuna cha kufuta.