Wanawake wa Angkor Wat: miungu au watu wa ikulu?

Kwenye kuta za Angkor Wat, nchini Kamboja, wamechongwa wanawake zaidi ya 1,700. Wengi huwaita wote apsara, lakini apsara hasa ni wale wanaocheza au kupaa angani, ambao hadithi ya Kihindu inasema walizaliwa bahari ya maziwa ilipokorogwa. Hawa wa ukutani wamesimama tuli. Wataalamu huwaita devata, yaani miungu wadogo. Mswahili angekimbilia kusema hurulaini, na pengine hapo ndipo ubishi unapoanzia: ni viumbe wa mbinguni tu, au ni wanawake wa ikulu ya Suryavarman II, mfalme aliyejenga hekalu hilo karne ya 12?

Wanaosema ni watu halisi huanza na nywele. Mwaka 1927 Sappho Marchal, binti wa mhifadhi wa Angkor, Henri Marchal, alichapisha utafiti uliojaa michoro ya nywele, mavazi na mapambo yao. Ukitazama utaona kweli kuna jambo. Huyu kavaa taji la ncha tatu, jirani yake kakunja nywele vitanzi na kuchomeka maua, wengine wameshikana mabega kama mashoga wanaotoka sherehe moja. Yupo mmoja kwenye lango la magharibi anayetabasamu mpaka meno yanaonekana. Aliyechonga vitu hivyo hakuvitoa kichwani. Alikuwa na wanawake mbele ya macho yake.

Sasa shuka chini ya shingo. Kifua kimekutazama, kiuno ni kilekile, na nyayo zote mbili zimegeuzwa upande mmoja, namna ambayo hakuna binadamu asimamaye hivyo kwa raha. Nyuso nazo nyingi zinalandana. Kama hizi ni picha za watu, basi mchongaji alimaliza bidii yake yote kwenye nywele.

Hoja inayonishinda nguvu zaidi iko upande wa kusini wa hekalu hilohilo. Kwenye mchongo wa msafara wa kifalme, mfalme na makamanda wake wameandikiwa majina kwa maandishi madogo. Kwa hiyo mafundi, walipotaka mtu ajulikane, walimtaja. Devata hawakutajwa.

Mtetezi wa upande wa watu halisi anaweza kunijibu kwamba kwa Wakhmer, watu waliojenga Angkor, kuchagua kati ya mungu na mtu hakukuwa na lazima. Ana haki. Mwaka 1186 mfalme Jayavarman VII aliweka wakfu hekalu la Ta Prohm, na sanamu kuu ilikuwa ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima, ikimwakilisha mama yake mzazi. Mtu na mungu walikaa katika jiwe moja bila ugomvi. Ila hata hapo, tunajua ni mama wa mfalme kwa sababu maandishi yamesema.

Ndiyo maana naona nywele ni za wanawake waliokuwepo kweli, vito vilevile, lakini siamini kwamba kila devata ni fulani binti fulani. Mchongaji alinakili mitindo ya ikulu akaivisha mwili mmoja wa kimungu. Maandishi ya Ta Prohm nayo yanataja wanawake wachezaji waliohudumu hekaluni: 615, kwa hesabu tu, bila jina hata moja.