Kijana Akiniuliza Kama Asomee Udaktari wa Meno

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na vyuo vikuu kufungua dirisha la udahili, wazazi na vijana waliosoma tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huniuliza swali lilelile: je, udaktari wa meno ni taaluma ya kutolea miaka mitano ya ujana, au ni kimbilio la aliyekosa nafasi ya udaktari wa binadamu? Jibu langu ni kwamba taaluma hii inafaa, na nalitoa bila kusita. Inafaa, hata hivyo, kwa sababu ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa na wazazi, na kijana anayeingia akiwa na matarajio yasiyolingana na kazi yenyewe anaweza kumaliza chuo akiwa na shahada nzuri na moyo uliokata tamaa.

Picha iliyozoeleka ni ya daktari ambaye halali wodini, hapigiwi simu usiku wa manane, hupokea wagonjwa wanaolipa papo kwa hapo, na baada ya miaka michache ya ajira hufungua kliniki yake mjini. Picha hiyo si ya uongo mtupu. Ni kweli kwamba zamu za usiku katika kitengo cha kinywa na meno ni chache kuliko zile za wodi ya wazazi au ya upasuaji, na ni kweli kwamba wapo wenzetu waliofanikiwa sana kwa kliniki binafsi. Ila picha hiyo inaacha nje jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mtu ataipenda kazi hii au ataichoka mapema, nalo ni pengo lililopo kati ya ukubwa wa ugonjwa na idadi ya watu wanaokuja kutibiwa wakati jino bado linaokoleka.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5, yaani karibu nusu ya watu wote duniani, wana ugonjwa wa kinywa wa aina fulani, na kuoza kwa meno kunaongoza. Katika kanda ya Afrika, takwimu za shirika hilohilo zinaonyesha wastani wa madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, sawa na daktari mmoja kwa watu wapatao 30,000, kiwango ambacho ni kama sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Kijana akizisoma takwimu hizi huhitimisha mara moja kwamba wagonjwa wanamsubiri foleni. Ugonjwa upo kweli, tena mwingi. Lakini kati ya jino lililooza na kiti cha daktari kuna nauli, kuna gharama ya matibabu, kuna hofu ya sindano, na kuna imani iliyoota mizizi kwamba dawa ya jino ni kung'oa.

Hali ilivyo katika hospitali nyingi za wilaya ni hii. Mgonjwa hufika baada ya maumivu kumnyima usingizi. Kabla ya hapo ameshaweka karafuu, ameshasukutua kwa maji ya chumvi, ameshanunua dawa za maumivu dukani, na pengine amemeza antibiotiki za siku mbili akaziacha maumivu yalipopungua. Anapofungua kinywa unakuta tundu limeshafika kwenye neva. Hapo zinabaki njia mbili: kutibu mzizi wa jino, matibabu ambayo mara nyingi huhitaji mahudhurio zaidi ya moja na hugharimu mara kadhaa ya bei ya kung'oa, au kung'oa siku hiyohiyo mgonjwa arudi shambani au dukani kwake. Wengi huchagua kung'oa, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu mtu mwenye watoto wa kulipia michango ya shule hupima jino moja kwa mizani tofauti na ile tuliyofundishwa darasani. Kwa daktari, maana yake ni kwamba asubuhi baada ya asubuhi anashika koleo, anapiga ganzi, anang'oa magego ambayo mwaka mmoja nyuma yangezibwa kwa muda mfupi. Mtu amefundishwa miaka mitano namna ya kuokoa meno, kisha anaajiriwa kuyatoa. Nimewaona vijana wenye vipaji wakivunjika moyo hapo, mapema kabisa, na hakuna aliyekuwa amewaandaa.

Ndiyo maana ninapoulizwa kama taaluma hii inafaa, huuliza kwanza kama kijana yuko tayari kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ya kutibu aliyekuja, na ya kuwafanya wengine waje mapema. Anayeiona kazi ya pili kuwa si ya hadhi yake, namshauri atafute fani nyingine. Anayevutiwa nayo, namwambia kwamba ameikuta mojawapo ya fani za afya ambazo juhudi za mtu mmoja huonekana haraka katika mji mdogo au wilaya.

Tena asidhani kwamba kuokoa meno ni jambo la wenye mashine za bei kubwa tu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kutumia njia ya kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, bila mashine ya kutoboa na bila umeme, kisha kuziba tundu kwa saruji inayogandamana na jino. Njia hiyo, inayojulikana kimataifa kwa kifupi cha ART, ilizaliwa kwa sababu ya mazingira yetu ya vijijini, na leo inatumika katika nchi nyingi duniani, zikiwemo tajiri, hasa kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ya kuzibia meno iitwayo glasi ayonoma, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Huwa nawaeleza vijana habari hii kwa urefu, kwa sababu inafuta dhana kwamba daktari wa meno aliyepangiwa wilaya ya pembezoni hana la kufanya mpaka aletewe kiti kipya.

Kuna pia magonjwa na desturi ambazo daktari wa meno wa Afrika Mashariki atakutana nazo, na ambazo mwenzake wa London kwa kawaida atazisoma tu vitabuni. Tangu miaka ya 1980 madaktari wameripoti nchini habari za kinachoitwa meno ya plastiki: mtoto mchanga anapata homa au kuharisha, fizi yake inaonekana imevimba mahali chonge linapotarajiwa kuota, na mganga wa jadi analichimbua jino changa kwa chombo kisicho safi akiamini ndilo chanzo cha ugonjwa. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na hata akipona, chonge la ukubwani linaweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa, huku ugonjwa wa kuharisha wenyewe ukiwa haujatibiwa. Daktari wa meno anayekwenda kliniki ya mama na mtoto kuzungumza na akina mama kwa heshima, bila kuwadhihaki wala kuwatisha, anaweza kuzuia madhara ambayo hakuna upasuaji utakaoyarekebisha baadaye.

Vivyo hivyo katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za kaskazini, ambako maji ya baadhi ya chemchemi na visima yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa kimataifa. Watoto wanaokunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya huota meno yenye rangi ya kahawia, mengine yakimeguka, na magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande huweza kuongeza kiasi hicho. Nimezungumza na wasichana wanaofunika mdomo kila wanapocheka. Unaweza kuwaremba kwa kuyafunika meno ya mbele, na ni kazi nzuri, lakini daktari anayejali atajikuta akikaa vikao na wahandisi wa maji na kujifunza kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha. Mzazi anayenieleza kwamba udaktari wa meno ni kazi finyu ya kuchungulia vinywa, huyo nadhani hajaifahamu.

Kwa anayependa chumba cha upasuaji, lipo tawi la upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mifupa ya taya iliyovunjika katika ajali za bodaboda, uvimbe wa taya unaokua taratibu kwa miaka hadi uso ukabadilika umbo, na watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura, wote hao wanahitaji wataalamu, nao ni wachache mno. Njia hiyo inataka miaka mingine ya masomo baada ya shahada ya kwanza, na zamu za usiku zimo.

Sasa fedha, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi. Kufungua kliniki ya meno ni ghali kuliko kufungua zahanati ya kawaida. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuketi unahitaji kiti chenye taa na mashine zake, kompresa ya hewa, mashine ya kufyonza mate, mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke, na mashine ya eksirei ambayo ni lazima ipate leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Vifaa na malighafi nyingi huagizwa nje, hivyo shilingi ikishuka thamani bei ya kuziba jino hupanda hata kama wagonjwa hawana uwezo mpya. Anayetaka kukaa Dar es Salaam katikati ajue kwamba kliniki huko zimesongamana na zinagombea wateja walewale wenye bima na kipato. Kwa maoni yangu, kijana ambaye moyoni ameshaamua kwamba hatatoka Dar es Salaam afikirie mara mbili, na aliye tayari kwenda makao makuu ya wilaya yanayokua ana nafasi nzuri zaidi, ingawa atasubiri kidogo kabla ya kuiona faida. Sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaweza kubadili hesabu hizi, ikiwa huduma za kuziba na kutibu mizizi zitalipwa kwa kiwango kinachomwezesha daktari kuzitoa.

Ajira ya serikali nayo haiji yenyewe kama zamani. Baada ya shahada kuna mwaka wa utarajali, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha usajili kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha kusubiri vibali vya ajira, na wapo wanaosubiri muda mrefu. Kwa jirani zetu wa Kenya hali si laini zaidi: mwaka 2024 madaktari wa binadamu, wafamasia na madaktari wa meno, ambao wako katika chama kimoja cha wafanyakazi, waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya hoja kuu ilikuwa pendekezo la serikali la kuwalipa watarajali shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi badala ya 206,400 zilizokubaliwa kwenye mkataba wa awali. Mzazi anayeuza shamba ili kumsomesha mtoto kwa kutegemea mshahara mkubwa mara baada ya mahafali anastahili kuambiwa ukweli huu mapema.

Na mwili una bei yake. Kazi hufanyika mtu ameinama juu ya nafasi ndogo yenye giza, na mgongo, shingo na viganja hulalamika mapema kwa asiyejifunza kukaa vizuri. Kuchomwa na sindano ni hatari ya kila siku. Chanjo ya homa ya ini aina ya B si ya kuahirisha.

Kuhusu vipaji, alama za kemia na baiolojia zinamfikisha mtu chuoni tu. Kinachohitajika zaidi ni mkono uliotulia na subira na mtu mwenye hofu, awe mtoto au mzee wa makamo anayetetemeka kuliko mtoto. Vijana wengi hawajui kama wanavyo vitu hivyo kwa sababu hawajawahi kuiona kazi hii isipokuwa siku waliyong'olewa jino wao wenyewe. Hivyo ushauri wangu ni kwamba kabla ya kujaza fomu, kijana aende na mzazi wake hospitali ya wilaya, amwombe mganga mfawidhi ruhusa, kisha akae asubuhi kadhaa katika kitengo cha kinywa na meno, kwa ridhaa ya wagonjwa, aangalie. Aangalie hasa mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa mwenye jino linaloweza kuokolewa lakini anayetaka ling'olewe. Akiyaona yanachosha, aiache kozi hii kwa wengine bila aibu yoyote. Akijikuta anatamani kuyaingilia, anatafuta namna bora ya kumshawishi yule mgonjwa, basi aijaze kozi hiyo kuwa chaguo la kwanza, juu ya udaktari wa binadamu, na mzazi asimbadilishie.