Upande wa Pili wa Santuri Uko Wapi?

Vijana wetu hutushauri kila mara tuachane na santuri na kanda kwa sababu muziki wote, kwa madai yao, umo kwenye simu. Kero yangu ni kwamba haumo wote, na uliomo umekatwakatwa. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970, zilizotolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ziligawanywa sehemu mbili, moja kila upande, na mara nyingi magitaa huchangamka hasa upande wa pili. Sasa mtu anapandisha mtandaoni upande wa kwanza peke yake, na wimbo unazimika wachezaji wakiwa ndio kwanza wameinuka vitini. Mbaya zaidi, Morogoro Jazz na Super Volcano huchanganywa kana kwamba ni bendi moja, eti kwa kuwa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alizipigia zote mbili, na wapiga magitaa ya rizimu na besi hawatajwi kabisa. Simu ninaitumia, hususan safarini (bando likiwepo), lakini anayetaka niligawe kabati langu la santuri anitafutie kwanza huo upande wa pili.