Kibarua Aliyesikia Beringi Ikilia

Mameneja wa viwanda nchini Kenya hulalamika kwamba vibarua hawajitumi: wanafanya waliloagizwa tu, na saa ya kutoka ikifika wako getini. Kujituma kunakotakiwa ni kule kusikoandikwa kwenye mkataba, kama kumwelekeza mgeni au kuripoti hitilafu mapema. Watafiti Stamper na Masterson waliandika mwaka 2002 jinsi tabia hiyo inavyofungamana na mtu kujiona ni wa ndani, yaani sehemu ya kampuni. Na mtu hujiona wa ndani kwa anavyotendewa. Bango la "Sisi ni familia" pale mapokezi halimfikii.

Chukua beringi, kile kipande kinachoshikilia shafti izunguke, kwenye konveya, yaani mkanda wa kubebea bidhaa: imekaukiwa grisi, ikaanza kulia. Ikiwahiwa, fundi anabadilisha beringi peke yake. Ikiachwa, inakwama, inakula shafti, na mkanda unaweza kukatika. Anayeisikia kwanza ni kibarua aliyesimama kando yake. Akisema, mashine inazimwa, na yeye anayelipwa kwa siku anaambiwa aende nyumbani, arudi kesho. Mwenzake wa mshahara wa mwezi anakunywa chai akimsubiri fundi. Hapo kunyamaza ndiko kunakolipa, halafu tunashangaa! Anayetaka taarifa aanze kwa kulipia saa ambazo mashine imesimama. Kisha amwite kibarua kwenye kikao cha kukabidhiana zamu, amwandike kwa jina kwenye ratiba badala ya namba, na amrudishie jibu: ulichosema kimefanyiwa nini.

Waajiri nao wana hoja. Kazi za maua na chai hupanda na kushuka kwa msimu, na si kila mtu anaweza kuwekwa mwaka mzima. Tena walio ndani sana hufichiana makosa, na moyo wa kusaidia hugeuzwa ovataimu isiyolipwa. Hilo la mwisho ni hatari ya kweli.

Lakini msimu hauelezi yote. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wapo waajiri wanaomsimamisha siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wanamrudisha, ingawa kazi ipo tele. Na anayeshika nafasi yake siku hizo hajui hata mlio wa kawaida wa mashine ile.