Daktari, video yako mjamzito haioni

Nina hasira tangu juzi. Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Kichwa kilimgonga mchana kutwa, uso na mikono vikavimba, akaingia YouTube akaandika kama anavyojisikia: "mjamzito kuumwa kichwa na kuvimba". Zilizotangulia zote ni za wauza majani. "Maliza uvimbe wa mimba kwa siku 3." Usiku ule ule tukampeleka hospitali. Nilipotafuta tena baadaye nikaikuta video ya daktari, imeeleza kila kitu vizuri, imezama huko chini. Jina lake: "Elimu ya Afya kwa Jamii, Sehemu ya 14: Preeklampsia".

Nani anayeumwa kichwa ataandika preeklampsia, yaani presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa? Mtaani tunasema kifafa cha mimba, na hata hilo wengi hulisikia kliniki kwa mara ya kwanza. Mama anachokijua ni kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu. Hayo ndiyo yaanze kwenye jina la video, tena mwanzoni kabisa, maana kwenye simu jina refu hukatwa. Ukitanguliza salamu, cheo na namba ya sehemu, la muhimu halionekani. Andika: "Mjamzito, kichwa kikali na macho kuona ukungu? Nenda hospitali leo." Hata asiyefungua ameshaambiwa. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20, na kichwa cha namna hiyo juu yake, haisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Nakubali kwa shingo upande kwamba wauza majani wanajua watu wanavyouliza. Hilo tuwaige. Ahadi za siku 3 hapana, hata kama ndani ya video utasema kweli, kwa sababu wengi husoma jina tu wakapita, na uongo wanaondoka nao.

Vidonda vya tumbo navyo ni hivyo hivyo. Barry Marshall na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005 kwa kugundua bakteria anayesababisha vingi vya vidonda hivyo, dawa za kumuua zipo, na bado mgonjwa anakutana kwanza na juisi ya kabichi.

Madaktari wetu, jina la video hubadilishwa hata kama iliwekwa miaka mitatu iliyopita, bila kurekodi upya. Tafadhalini, anzeni na zile za wajawazito.